Ulie Kwanza, Ndipo Tusalimiane

Lusekelo,

Barua hii haina salamu. Usidhani nimezisahau. Nimefundisha watoto wa watu kwa muda mrefu kwamba barua huanza kwa salamu, na wewe mwenyewe niliwahi kukuchapa kwa kuziacha. Leo nimeziacha kwa makusudi, na ukifika mwisho utaelewa.

Naandika mchana, mvua inanyesha. Wewe umekwenda Isongole kumuaga mjomba wako, na najua wakati wa kurudi utapitia mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, kwa rafiki zako. Barua nitaiweka juu ya begi lako ili uisome leo kungali na mwanga, kabla ya chakula. Kesho alfajiri baba yako atakupeleka Mbeya kupanda treni, na huko hutapata nafasi ya kusoma, wala ya kurudi.

Habari za pasipoti, za maji ya kunywa njiani na za kujihadhari na watu wa Kapiri Mposhi treni inapoishia, baba yako amekueleza mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mimi mama yako nina neno moja, nami nitalisema mapema ili usilitafute katikati ya mengine. Bibi yako hana vidonda vya tumbo. Ana uvimbe kwenye ini. Daktari aliyempima alisema haukatwi, na kwamba wakati wa kuvuna mahindi hatakuwapo.

Baba yako anajua. Baba yako mdogo Ambakisye anajua. Shangazi zako wanajua. Jumapili iliyopita baada ya ibada walikaa sebuleni wakakubaliana usiambiwe, kwa sababu ukijua hutaondoka, na usipoondoka ile kazi ya umeme atapewa mwingine. Nilikuwapo. Niliinuka nikaenda jikoni kuchochea moto, na nikiwa huko nilimsikia Ambakisye akisema, "Basi, mwalimu naye amekubali." Sikukubali. Nilikwenda kuchochea moto tu.

Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini endelea kusoma. Sikuandikii ili usisafiri. Safiri. Kijana mwenye ufundi wako anayekaa hapa kijijini Lupepo kusubiri mtu wa kumwita abadilishe balbu anaoza, nami sina haja ya kuangalia unavyooza. Lakini hutaondoka hapa ukiwa mjinga kama nilivyofanywa mimi.

Hadithi za Botswana nilizokusimulia ulipokuwa mdogo zilikuwa za kweli, ila nilizichagua. Nilikusimulia bomba lenye maji uani, barabara ya lami iliyonyooka kama rula, na mshahara unaolipwa siku ile ile uliotajwa. Uliziamini, na leo unakwenda huko kwa sababu yake. Sasa sikiliza zile nilizoziacha.

Niliondoka wakati wa dhiki, wewe ukiwa ndio kwanza unajifunza kutembea. Hukumbuki, na nashukuru hukumbuki. Sukari ilipatikana kwa kujuana na mtu. Sabuni ilikuwa ikigawanywa kwa uzi, kipande kwa kipande, na mtu aliyevaa shati jeupe safi alitazamwa kama mwizi. Nilifundisha nikiwa nimevaa kandambili zilizofungwa kwa waya. Walipotangaza kwamba Botswana wanatafuta walimu, baba yako ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Nenda wewe, mimi nina ng'ombe." Wewe tulikukabidhi kwa bibi yako, mama wa baba yako. Tulisema ni mwaka mmoja, na tulijua tunadanganya.

Mji niliopelekwa ulikuwa mkavu. Unajua kwetu nguo hukaa kwenye kamba hadi zinaota ukungu, na viatu vya Jumapili huota manyoya kabatini. Kule nilianika shuka, na nilipomaliza kuanika ya pili, ya kwanza ilikuwa imeshakauka. Wiki ya kwanza nilifurahi. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa naamka usiku kwa kiu, midomo imepasuka, nikiota naitwa kuondoa chupi kwenye kamba kwa sababu mvua inakuja.

Siku moja ilikuja kweli, katikati ya kipindi. Darasa zima likakimbilia nje. Wakubwa kwa wadogo wakawa wanaruka uwanjani, midomo wazi. Nikatoka mlangoni nikawaamuru warudi. Hakuna aliyerudi. Nikamwona mwalimu mkuu, mzee wa watu, amesimama katikati yao bila kofia, suti imelowa.

Akaniambia, "Mma," ndivyo wanavyomwita mama kule, "hapa kwetu mvua haifungiwi mlango."

Nikamjibu kwamba kwetu mtoto anayecheza mvuani huchapwa.

"Basi kwenu ni matajiri," akasema, na akaniacha nimesimama mlangoni na chaki mkononi kama polisi wa maji.

Fedha yao wanaiita pula, yaani mvua, Lusekelo. Ukitaka kuwaelewa, anzia hapo. Sisi tunaikimbia, wao wanaiweka mfukoni.

Chakula utakizoea. Uji mgumu wa mtama, nyama iliyopondwa mpaka haijulikani ni ya mnyama gani. Ndizi utazikuta dukani, mbivu, zimepangwa kama mayai, na mtu ananunua moja. Niliwahi kumwuliza mwenye duka kama ana mbichi za kupika. Aliniuliza kama nyumbani kwetu tunapika pia machungwa. Hapa Lupepo mkungu mzima unaozea shambani, na jirani akiukata bila kuomba, unamkasirikia kwa siku moja tu. Kule nilikula ndizi moja kwa kisu, kwenye sahani, polepole, peke yangu. Bibi yako angeniona angesema nimekuwa mchawi, kwa sababu kwetu anayekula peke yake mlango umefungwa hatafutiwi jina jingine.

Baba mzazi wa mwalimu mkuu alipotutembelea shuleni, nilimsalimu kwa kuchuchumaa kama nilivyolelewa. Mzee akainama naye, akawa anapapasa sakafuni. Akaniuliza nimeangusha nini. Walimu wakacheka. Tangu siku ile nilisalimu nimesimama, na niliporudi nyumbani magoti yalikuwa yamesahau kazi yake. Mama mmoja hapa kijijini aliona nimemsalimu baba yake nimesimama wima, akasema kwa sauti ili nisikie, "Huyu amerudi na mifupa mipya."

Wana neno kwa ajili yetu, nalo utalisikia. Ni la kuwaita Waafrika wageni, kwa sababu lugha zetu masikioni mwao ni kelele za kuku tu. Litasemwa dukani, kwenye foleni, na hata na kijana utakayemfundisha kazi vizuri. Usiwachukie zaidi kuliko wanavyostahili. Nenda Tukuyu sokoni usikilize tunavyowaita wanaovuka kutoka Malawi na baiskeli zao, kisha ukae kimya.

Jambo gumu zaidi sikulisimulia kabisa. Nilishikwa na homa wakati wa likizo fupi. Yadi yangu ilikuwa na uzio wa waya, kama yadi zote. Nililala ndani sijui ni siku ngapi. Nilijua mchana na usiku kwa joto la bati. Hakuna aliyekuja. Nilipopona nikatoka hadi kwenye uzio, jirani yangu, mwanamke mwema ambaye kila asubuhi tulisalimiana kwa heshima zote, akaniambia, "Nilidhani umesafiri." Hakuwa mbaya. Kule kuingia kwa mtu bila kuitwa ni utovu wa adabu. Hapa ningelala siku moja tu, yadi ingejaa wanawake, na nusu yao wangekuwa wanatazama mabati yangu wakipiga hesabu ya nani atakayeyarithi. Lakini wangekuja. Wangenipa maji huku wakinisengenya. Sikuambii ipi ni bora. Nilichoona ni kwamba huwezi kuwa na maji yale bila masengenyo yale, na anayekudanganya kuna nchi yenye kimoja bila kingine hajawahi kuugua huko.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, tulimwita Mma Kabelo, ndiye pekee aliyewahi kunialika kula kwake. Mama yake alifariki wakati wa joto kali. Kule maiti hukaa kwenye baridi wiki nzima au zaidi, jamaa wakusanyike, na kuzika ni Jumamosi asubuhi sana, jua halijapanda. Wanaimba vizuri mno. Wanalia kwa kitambaa, kimya kimya, kama watu wanaofuta miwani.

Nilikwenda kwa heshima. Nilisimama nyuma. Lakini walipoanza kushusha jeneza, mwanangu, sijui kilichonipata. Nikaweka mikono kichwani, nikalia kama wanavyolia kwetu. Nikamwita mama kwa Kinyakyusa. Nikataja mikono yake, nikataja uji wake, nikauliza nani atanisuka, nani ataniita kwa jina la utotoni. Nikaanguka. Waliimba kwa sauti zaidi ili kunifunika.

Nilipotulia nikasikia shangazi wa Mma Kabelo akiuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mwalimu wa kutoka Tanzania."

"Alimjua marehemu?"

"Hapana."

"Basi amekodiwa na nani?"

Niliomba radhi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona aibu kila nilipopita karibu na makaburi yale. Nikajiambia ni joto, ni upweke, ni uchovu.

Mama yangu mzazi, bibi yako wa Isongole, alikuwa ameshazikwa wakati ule. Alikuwa amezikwa zamani kidogo. Hakuna aliyeniandikia.

Mkataba ulipokwisha nilirudi na masanduku mawili. Moja lilikuwa limejaa sabuni. Nilizikusanya kidogo kidogo, za kunukia na za kufulia, kwa sababu nilivyoiacha Tukuyu ndivyo nilivyoibeba kichwani. Nikashuka basi nikakuta ruhusa ya biashara imetolewa, watu wanauza chochote wanachoweza. Maduka ya Bagamoyo yamejaa sabuni hadi barabarani, zimepangwa kama matofali, na mitumba imetandazwa chini. Baba yako alilibeba sanduku akashangaa uzito wake. Nikamwambia kilichomo. Hakucheka, nami nikadhani ananihurumia kwa ajili ya sabuni.

Hapa nyumbani bibi yako alikuwa amepika mbalaga, ndizi zetu za kupika, na kuku. Wewe ulijificha nyuma yake. Aliposema, "Msalimie mama yako," ukaniambia, "Shikamoo mwalimu," kisha ukamgeukia yeye ukamuuliza, "Mama, huyu atalala wapi?" Bibi yako alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko kile sijakisahau, na siwezi kusema nimekisamehe.

Unajua desturi yetu. Mtu aliyekuwa mbali, msiba ukatokea nyuma yake, akirudi hulia kwanza. Hata kama ni miaka. Huanza mlangoni, wenyeji wanalia naye, na akishamaliza ndipo anasalimiwa, ndipo anapewa kiti na chakula. Anayesalimu na kula kabla ya kulia amemtupa maiti wake. Majirani walikuja jioni ile kunipokea wakijua mama yangu amekufa, na wakijua desturi. Wakanikuta nacheka. Nikawagawia sabuni. Nikasimulia bomba la maji uani.

Mama Tumpe, jirani yetu wa bondeni, aliniuliza polepole, "Mwalimu, na habari za Isongole umezisikia?"

Kabla sijafungua kinywa, bibi yako akajibu kutoka jikoni, "Amezisikia, amezisikia. Kuleni, ndizi zinapoa."

Nikadhani wanazungumzia mazao. Nikasema, "Nimezisikia, namshukuru Mungu," nikamega ndizi. Mama Tumpe aliirudisha ndizi yake kwenye sahani, akaiacha sabuni kwenye kigoda, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nikabaki nashangaa jinsi watu wa kwetu walivyokosa adabu ya mezani.

Kesho yake nilikwenda Isongole na beseni la sabuni kichwani na blanketi la mama begani. Wifi yangu aliponiona tu njiani akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Nikafikiri analia kwa furaha ya kuniona. Nikacheka, Lusekelo. Nikamwambia, "Mbona unalia, si nimefika?" Ndipo nikaona pembeni ya nyumba, kati ya migomba, mahali palipoinuka, na majani yake yalikuwa yamekwisha kuwa marefu.

Wanawake wakajaa. Walikaa kwenye mkeka wakisubiri nilie. Nikatafuta, sikupata kitu. Nikatoa sauti, nikaisikia mwenyewe kuwa ni sauti ya darasani. Kilio changu cha mama nilikwisha kukitumia kwenye kaburi la mama wa mtu mwingine, mbele ya watu walionidhani nimekodiwa. Wifi yangu alisubiri, akachoka, akasimama akalichungulia beseni.

"Sabuni hii," akasema, "ungeileta wakati ule. Tulimwosha kwa maji ya majivu."

Nilimwuliza baba yako ni nani aliyeamua nisiambiwe. Akainama. Nilijua. Nikaenda kwa bibi yako nikamkuta anapepeta mchele, nikamwuliza mwenyewe. Hakuacha kupepeta.

"Ni mimi," akasema. "Ungeambiwa ungekuja. Ungekuja ungefukuzwa kazi. Mtoto huyu angevaa nini? Machozi yako?"

Na kweli ulivaa viatu, ukalipiwa shule, na ufundi ulio nao umetoka kwenye kazi ile. Alikuwa sahihi, na sijamsamehe, na yote mawili nimeishi nayo katika nyumba moja naye.

Kilichofuata ni upumbavu wangu mwenyewe na nakueleza ili uukwepe. Kwa kuwa watu walininunia, niliamua kwamba Botswana ndiyo iliyokuwa na watu wastaarabu. Nililalamikia nzi. Nililalamikia wanaoingia bila kubisha hodi. Niliweka geti, la kwanza katika sehemu hii ya Lupepo, nikataka wageni watume mtoto kwanza kuuliza kama nina nafasi. Kule nilililia ujirani wa hapa, na hapa nikajenga uzio wa kule. Bibi yako alikuwa akisimama nje ya geti la uwanja wake mwenyewe, anapaza sauti: "Mwalimu yuko ofisini? Nina miadi ya kuomba chumvi." Kijiji kizima kilikuwa kikicheka. Siku moja akanionyesha pembeni, uzio unapoishia: "Geti hili linamzuia nani? Mwizi atapita kwenye migomba." Ulikuwa ukicheka naye. Nilikuona.

Tangu hapo, kwenye misiba ya Isongole, mkeka ninaokalia hauna mtu wa pili. Hawanifukuzi. Wanaukwepa tu, na wanaponong'ona nahisi baridi mgongoni kama wazee wetu walivyosema kuwa pumzi za watu humfikia mkosaji. Mimi ni Mkristo na ni mwalimu, sitakiwi kuamini hivyo. Nahisi baridi hata hivyo.

Wewe utakosea vingine, sina shaka. Utatusahau, si kwa ubaya, bali kwa kazi. Utarudi na kutuona wachafu na wapiga kelele, na utakuwa umeona sawasawa. Utamwoa mtu wa huko au hutamwoa. Hayo ni yako. Lakini hili moja sitakuacha ulirudie, kwa sababu nimeona wanavyolitayarisha tena, kwa maneno yale yale, kwenye viti vile vile.

Juzi nilimwosha bibi yako. Amebaki mifupa na mdomo. Nikamwambia, "Mama, wamekubaliana Lusekelo asijue."

"Najua. Kuta za nyumba hii ni mbao."

"Mimi nataka ajue."

Akanishika mkono. "Gwe mwalimu, bado una kinyongo."

"Ninacho, mama."

"Vizuri. Nilifikiri umekuwa mtakatifu, nikaogopa." Halafu akauliza, "Akijua ataondoka?"

"Ataondoka. Nitamwondoa mimi."

"Basi mwambie. Lakini sitaki alie kama wewe ulivyolia kwa mama yako. Niliambiwa. Ulilia kama redio inayosoma matangazo ya vifo."

Nikamwambia kwamba kama hapo zamani ningeambiwa kwa wakati wake, ningelia vizuri. Nikamsimulia habari ya kaburi la mama yake Mma Kabelo. Sijawahi kumsimulia mtu, wala baba yako. Nilidhani atacheka, na ningekuwa tayari. Hakucheka. Akaninyooshea mkono wa pili niuoshe. Kisha akasema, "Aje alie hapa. Mbele yangu. Nisikie."

Unajua kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumtakia kifo. Nikamwambia hivyo.

"Mimi nimeshakufa," akasema, "bado kuzikwa tu. Na akilia vibaya, nitakuwapo kumrekebisha. Baadaye nani atamrekebisha? Wewe?"

Ndiyo maana ya barua hii. Sikuombi radhi kwa kukupa habari hizi leo, jioni ya mwisho. Ningekupa wiki iliyopita, ungepata muda wa kubishana, na ungebaki. Nimekupa jioni moja kwa sababu jioni moja inatosha kulia na haitoshi kubadili nia. Huo ni ukatili, naujua. Ni mdogo kuliko ule mwingine.

Bibi yako akifariki, nitakwenda mwenyewe dukani kwa Salimu pale Bagamoyo, nitapiga simu kwenye ile ofisi uliyoniachia namba yake. Sitasema mgonjwa amezidiwa, kama watu wanavyowaambia walio mbali huku maiti imeshalala sebuleni. Nitasema amekufa, na nitakata simu. Hutakuja. Nauli hutakuwa nayo, na kwetu hatungoji Jumamosi ya mtu. Utakwenda kazini siku hiyo, utapanda ngazi yako na kuunganisha nyaya zako, na mtu akikuuliza mbona umekaa kimya, utajibu kwa lugha yao kwamba hamna kitu. Lakini utakuwa umeshamlilia mtu wako mwenyewe, kwa jina lake, na hutaangukia kaburi la mtu usiyemjua. Na siku utakaporudi, usithubutu kuingia mlango huu ukiwa na mizigo na kicheko. Utakwenda kwenye kaburi kwanza. Najua litakuwa wapi. Amekwisha kunionyesha, karibu na lile geti, ili, kama alivyosema, aone nani anaingia.

Mimi pia nitakufa. Nikifa, usinililie kama bibi yako. Hatukupata muda wa kuzoeana kiasi hicho, na sitaki uigize. Nilikuzaa, nikakuvisha, nikakufundisha kuandika. Yeye ndiye uliyemwita mama nilipokuwa nimesimama hapo na sanduku mkononi. Nimelisema, na sitalirudia.

Sasa ikunje barua hii. Usimwonyeshe baba yako kabla ya kesho. Bibi yako yuko kwenye chumba cha karibu na jiko, na mchana huu amekataa dawa ya usingizi ili uingie akiwa macho. Anza mlangoni, kama desturi ilivyo. Weka mikono kichwani. Mwite. Taja kila kitu. Ambakisye atakuja mbio akidhani mtu amekufa, nitamzuia mimi. Majirani wakija, waje. Geti nimelifungua tangu asubuhi.

Akikukatiza kukurekebisha, msikilize, uanze upya.

Ukimaliza, pita kwa mlango wa nyuma uje jikoni. Nitakuwapo na ndizi zitakuwa motoni. Hapo ndipo tutasalimiana.

Mama yako